Mwanangu anataka kupanda fahali, na sahihi iliyobaki ni yangu

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Shinyanga, na sasa naishi kaskazini mwa Texas, Marekani, katika eneo wanaloliita Panhandle. Nilikuja huku kusomea uuguzi, nikaolewa na mfugaji. Nakuomba unisome hadi mwisho, kwa sababu ndugu zangu nyumbani nikiwaeleza jambo hili wanacheka kwanza, halafu wananiambia nirudi.

Mume wangu amezaliwa kwenye ranchi, kama baba yake na babu yake. Ng'ombe ndio riziki, farasi ndio mapenzi, na rodeo ndiyo sijui niiteje, labda ibada, ingawa kanisani pia anakwenda. Kwa wasioijua, rodeo ni mashindano yaliyotokana na kazi za wachunga ng'ombe: kumnasa ndama kwa kitanzi ukiwa juu ya farasi anayekimbia, kumfunga miguu, kupanda farasi asiyefugika, kupanda fahali. Baba mkwe alikuwa fundi wa kamba anayejulikana huku kwetu. Mume wangu ujanani alipanda farasi wakorofi, wale wanaotandikwa na kuachiwa warushe mateke, na mpandaji anatakiwa akae sekunde nane akishika kwa mkono mmoja tu, ule mwingine usiguse kitu. Amevunjika mtulinga, amevunjika mbavu, na nyonga yake ya kushoto hali ya hewa ikibadilika tu anachechemea. Mafahali hakupanda kamwe. Siku hizi anashindana kwa kamba na jirani yetu: mmoja anamnasa maksai pembe, mwenzake anamnasa miguu ya nyuma. Msimu ukianza, kila Ijumaa jioni trela inafungwa nyuma ya pikapu, farasi wanapandishwa, wanaondoka.

Usidhani naona haya yote ni upuuzi wa Wazungu. Mimi ni Msukuma, nimelelewa zizini. Baba yangu alipompokea mume wangu kwa mara ya kwanza hakumuuliza dini wala mshahara. Alimpeleka kwa ng'ombe aliyekuwa anashindwa kuzaa. Mume wangu akavua saa, akapaka mkono sabuni hadi begani, akamvuta ndama akiwa hai. Mahari ikajadiliwa siku hiyohiyo, na ikapungua. Huku nimejifunza kukaza seng'enge, kuchanja ndama, kupasua barafu kwenye mabirika ya maji wakati wa baridi. Nina farasi wangu jike, mpole, wa aina ya Quarter Horse. Nikitoka zamu ya usiku nimechoka, nampanda robo saa ndipo nilale.

Tuna watoto wawili. Binti ana miaka 11, ndiye anayeamka alfajiri kuwapa farasi nyasi kabla ya basi la shule. Kaka yake ana miaka 14, na ndiye sababu ya barua hii.

Alipokuwa na miaka mitano alipanda kondoo kwenye maonyesho ya kilimo. Ndivyo watoto wa huku wanavyoanza, wanamkumbatia kondoo mgongoni mpaka waanguke, watu wanapiga makofi. Baadaye ndama. Sasa anataka mafahali. Mwezi wa nane anaingia sekondari, na chama cha rodeo cha vijana kimetuma fomu ya ridhaa inayotaka sahihi za wazazi wote wawili, mbele ya mtu wa kuthibitisha. Mume wangu alisema yeye yuko tayari wakati wowote. Aliichukua kalamu akajaza sehemu yake akiwa amesimama, hata kofia hakuvua, akaibandika fomu kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Iko hapo hadi leo. Kila nikifuata maziwa naiona.

Mama, mimi nafanya kazi kitengo cha dharura. Fahali wa rodeo ana kilo 700, wengine zaidi. Mwanangu ana kilo 52. Sihitaji kueleza zaidi.

Lakini pia namwelewa mtoto. Darasani kwao weusi hawafiki watatu. Ukutani kwake ameweka picha ya Charlie Sampson, mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa kupanda fahali, mwaka 1982. Siku moja nilimuuliza kwa nini asicheze mpira kama wenzake. Akanijibu, "Mama, kule rodeo naitwa kwa jina langu." Sikumuuliza shuleni anaitwa nani. Niliogopa jibu.

Kuna jambo jingine. Februari 2024 moto mkubwa ulipita huku, ule walioupa jina la Smokehouse Creek, zaidi ya ekari milioni moja ziliungua. Ulitukuta majike wanazaa. Tulipoteza uzio, malisho, na ng'ombe ambao mume wangu alilazimika kuwamalizia mwenyewe kwa bunduki kwa sababu kwato na viwele vilikuwa vimeungua. Mwanangu alikuwa kwenye pikapu, aliona. Wiki zilizofuata malori ya nyasi yalikuja kutoka majimbo mengine, watu tusiowajua wanashusha marobota na kuondoka bila kutaka hata chai. Binti yangu na bibi yake walilea kwa chupa ndama waliofiwa na mama zao. Vuli ya mwaka huohuo baba mkwe akafariki. Tangu hapo mume wangu anaongea kidogo, na rodeo imeongezeka. Msimu huu hakukosa Ijumaa hata moja, na mtoto wa kiume yuko naye.

Dada yangu wa Mwanza anasema nimlete mtoto bweni Tanzania kabla hajavunjwa shingo. Baba yangu kwenye simu anauliza, "Ng'ombe kakosa nini mpaka apandwe?" Rafiki yangu wa kanisani Amarillo, Mkongomani, ananiambia wao waliheshimu mahari yetu, nami niheshimu mila yao. Mama mkwe anasema mumeo mbona yuko salama, huku tunamtazama huyo mume wangu anavyopanda ngazi moja moja. Binti yangu hasemi kitu. Yeye huzungusha farasi kwenye mapipa, anashinda utepe, anarudi nyumbani anasafisha tandiko la kaka yake pamoja na lake.

Nilipojaribu kuzungumza na mume wangu alinijibu maneno haya tu: "Mimi nimeshasaini. Lililobaki ni lako."

Nikisaini na mtoto akaumia, nitaishije? Nikikataa, nitakuwa mgeni aliyekuja kukata mila ya vizazi vitatu. Nifanye nini?

Mama Wawili, Texas

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo. Pole pia kwa moto na kwa msiba wa mkweo. Umeviandika katikati ya barua kana kwamba ni habari za pembeni, nami nitavirudia.

Kwanza nikueleze nilichosikia, unirekebishe nikikosea. Hukuniandikia kwamba unaichukia rodeo. Anayeichukia hapasui barafu kwa ajili ya farasi wala hampandi akitoka kazini amechoka. Umekubali maisha ya mumeo karibu yote, ila ndani yake umechora mstari wako mwenyewe: farasi sawa, kamba sawa, fahali hapana. Mumeo na mwanao wako upande wa pili wa mstari huo, au ndivyo inavyoonekana, na mazungumzo yote ya nyumba yamehamia kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Karatasi haiwezi kujibiwa ila ndiyo au hapana. Nadhani ndiyo maana imekuchosha.

Hofu yako siwezi kukuambia imezidi. Mpandaji aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1987, Lane Frost, alimaliza sekunde zake nane vizuri huko Cheyenne, Wyoming, tarehe 30 Julai 1989, akashuka, na fahali akamgeukia akampiga mgongoni. Alikuwa na miaka 25. Baada ya kifo chake ndipo mwenzake Cody Lambert alipotengeneza kizibao cha kujikinga kifua na mgongo, na leo hakuna mpandaji wa maana anayeingia uwanjani bila hicho. Kofia ngumu ilichelewa zaidi, kwa sababu ya kiburi cha kofia pana, nasema wazi. Chama kikubwa cha wapanda fahali wa kulipwa kiliweka sharti mwaka 2013 kwamba yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 15 Oktoba 1994 lazima avae helmeti. Wakubwa waliachiwa wachague.

Pamoja na hayo, ule mstari wako nataka tuukague kidogo. Wewe ndiye unayepokea majeruhi usiku, mimi siko huko. Je, wanaoletwa na mafahali ni wengi kuliko wanaoangushwa na farasi wao wenyewe, au wanaobanwa na lango wakipakia ng'ombe, au wanaopinduka na pikipiki za magurudumu manne? Binti yako anapozunguka pipa kwa kasi yote, farasi amelala ubavu karibu kugusa udongo, je, hofu yako inakuwa wapi? Sikuulizi ili nikuongezee hofu nyingine. Nataka ujue unachokiogopa hasa. Huenda ni hiki: farasi akishamwangusha mtu hukimbia zake, na mara nyingi hujitahidi asimkanyage, ilhali fahali hugeuka akamrudia aliye chini. Kama ndicho, una sababu ambayo mfugaji yeyote ataielewa, na mwambie mumeo kwa maneno hayohayo. Kama ni kingine, labda kwamba farasi umemzoea na fahali ni wa kwao, hilo nalo ni vizuri ulijue wewe kabla hajakuambia mtu.

Mimi ni mtu wa Pemba. Kwetu tuna mchezo wa ng'ombe, watu husema tuliachiwa na Wareno: fahali anafungwa kamba, zumari linalia, vijana wanamchokoza kwa nguo na kukimbia, na ng'ombe hauawi. Kaka zangu walikuwa wachezaji. Mama yetu siku ya mchezo alikuwa hatoki ndani, anasema hawezi kutazama. Lakini wali wa wachezaji aliupika yeye. Hatukuwahi kumuuliza inawezekanaje. Nilipoisoma barua yako nilimfahamu zaidi.

Sasa twende kwa mumeo. "Mimi nimeshasaini. Lililobaki ni lako." Wewe umeyasikia kama shinikizo, na huenda ni hivyo. Ila uliandika kitu kingine mapema na ukapita haraka: yeye mafahali hakupanda kamwe. Mtu aliyelelewa na rodeo, aliyekubali kuvunjwa mbavu na farasi, akawaacha mafahali. Hilo halitokei kwa bahati. Labda mwili wake haukufaa, labda baba yake alimkataza, labda aliona kitu kikamtosha. Umewahi kumuuliza?

Nauliza kwa sababu kuna uwezekano ambao sijui kama umeupima. Sahihi yake peke yake haifungui mlango, na yeye anajua hivyo. Mwanamume anayejua kuwa mkewe hatasaini anaweza kusaini haraka sana, hata bila kuvua kofia. Mbele ya mwanawe anabaki baba anayemwamini, na hapana yote inabebwa na mama. Pengine amekufanya ukuta, naye amejibanza nyuma yake, anaogopa kama wewe. Sisemi ndivyo ilivyo. Wewe ndiye unayelala naye. Ila kama kuna hata chembe ya hilo, basi hamgombani. Mnaogopa kitu kimoja kila mtu kwenye kona yake, na mtoto ameachwa katikati akidhani baba kakubali na mama kamkatalia.

Usimuulize jikoni, karibu na hiyo friji. Wanaume wa kazi kama yake huongea mikono ikiwa na shughuli. Siku mnapokaza seng'enge pamoja, au ukienda naye kutazama maji ya ng'ombe, muulize tu, "Kwa nini wewe hukupanda mafahali?" Halafu nyamaza. Usijaze kimya, hata kikirefuka mpaka kikukere. Usiitaje fomu siku hiyo.

Na moto mmeuzungumza lini mara ya mwisho? Mumeo kwa mwaka mmoja amepoteza malisho, mifugo na baba, na baadhi ya mifugo hiyo ameiua kwa mkono wake. Kwa mfugaji, wewe Msukuma sihitaji kukueleza, ng'ombe ana jina, ana ukoo. Mtu wa namna hiyo akiziona Ijumaa zake zinaendelea, na mwanawe yuko kando yake kwenye pikapu, anaweza kuhisi bado kuna kitu cha baba yake ambacho hakikuungua. Ukigusa rodeo, kwake unaweza kuwa umegusa hapo. Vilevile mwanao aliyaona yote. Mvulana aliyemwona baba yake ameshindwa kuwaokoa wanyama wake anaweza kutafuta mahali pa kuonyesha kwamba yeye haogopi. Sidai kuwa ndivyo, na ningekuwa mwangalifu sana kumwambia hivyo mtoto wa miaka 14. Atakucheka au atafunga mlango. Nakuomba uliweke tu moyoni unapomsikiliza.

Tunamsikiliza vipi? Umeniambia anataka fahali. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anachokitaka ni safari: saa nyingi ndani ya pikapu na baba ambaye siku za kazi haongei. Njia mojawapo ya kulipima ni kumuuliza angependa ashindane nini kama baba angekuwa mwenzake uwanjani badala ya mtazamaji. Kamba ya watu wawili ni mchezo ambao baba na mwana huingia pamoja, na una hatari zake, wengi wameacha vidole kwenye kamba ilipokaza kwenye pembe ya tandiko, lakini si hatari ya shingo. Akisema hapana, nataka fahali, usimwone muongo. "Naitwa kwa jina langu" ni maneno mazito kwa kijana, na ukimnyang'anya mahali hapo bila kumpa mahali pengine, utakuwa umechukua zaidi ya mchezo. Hata la shuleni, mwanangu, jikaze ulisikie jibu lake. Linaweza kuwa shida kubwa kuliko fahali.

Kuhusu ile picha ya ukutani. Sampson hakuzaliwa ranchi. Alitoka Watts, ndani ya jiji la Los Angeles. Ubingwa aliupata 1982, na mwaka uliofuata, katika rodeo iliyoandaliwa mbele ya Rais Reagan, fahali alimvunja mifupa ya uso vibaya sana. Alirudi akapanda tena. Mwambie mwanao akusimulie habari za mtu huyo mwanzo hadi mwisho. Kama mwaka 1983 anaujua, na anaweza kukueleza anauonaje, utakuwa unaongea na kijana aliyekwisha kupiga hesabu zake, zikiwa sahihi au zikiwa za kitoto. Kama haujui, mnayo ya kusoma pamoja.

Umeuliza ufanye nini. Nitakupitisha kwenye njia ninazoziona, na hakuna iliyo salama kabisa.

Ya kwanza ni kukataa hadi afike miaka 18 na asaini mwenyewe. Una haki hiyo, na uuguzi wako unakupa sababu kuliko mzazi mwingine yeyote hapo. Hatari yake ni kwamba huko ranchi mafahali hawapatikani kwenye mashindano tu. Kuna viwanja vya mazoezi nyuma ya mabanda ya watu, vijana hukutana huko jioni, hakuna daktari wala wale wanaume wanaoingia kumvuta fahali upande wa pili mpandaji anapoanguka. Ukikataa, kataa ukiwa umeshamuuliza atafanya nini kwa hamu aliyonayo, na mumeo awe amekaa kando yako akisema hapana hiyohiyo kwa mdomo wake. Hapana ya mama peke yake kijana huizunguka.

Ya pili ni kusaini kwa masharti. Ukiichagua, masharti yaandikwe kabla ya kalamu. Helmeti yenye kinga ya uso, kizibao, kinga ya meno. Kuanza na maksai na mafahali wadogo. Mwalimu aliyepanda mwenyewe, asiwe rafiki wa shule mwenye kamba. Na kichwa: wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba mtikisiko wa ubongo ukifuatwa na mwingine kabla wa kwanza haujapona, hatari inazidi, na kwa vijana zaidi. Kwa hiyo nani atasema basi? Hapo ndipo makubaliano mengi ya namna hii hufia. Baba yuko uwanjani, mtoto anasema niko sawa, ada ya kushiriki imeshalipwa, na mama yuko zamuni. Kama mumeo hawezi kuahidi kwamba siku hiyo atamshusha mwanawe kwenye kizimba mbele ya watu wote, masharti yako yatabaki kwenye karatasi. Muulize hilo wazi. Ulizeni pia bima yenu ya afya inalipa nini kwa majeraha ya rodeo, maana Marekani mfupa mmoja unaweza kula ndama wa msimu mzima.

Ya tatu ni kuahirisha, mwaka mmoja wa kamba na baba, kisha mzungumze upya. Inavutia, na ndiyo maana naiogopa kidogo. Kijana akihisi mnapoteza muda mkitumaini atasahau, hatawaamini tena. Ikiwa mtaahirisha, tarehe iwe ya kweli, na siku hiyo ikifika jibu la ndiyo liwe linawezekana.

La dada yako wa Mwanza sitalipita, kwa sababu anakupenda. Mtoto kukaa Tanzania, kujua babu yake na lugha yake, ni jambo jema lenyewe. Kumpeleka ili kumwokoa na rodeo ni safari nyingine. Ataisoma kama adhabu kwa kumpenda baba yake, na mumeo, baada ya mwaka aliopita, ataisoma kama moto wa pili. Kama unataka aende, aende likizo, na dada yake aende pia.

Na huyo dada yake. Binti umemtaja mara tatu katika barua hii ndefu, na mara zote tatu anafanya kazi: anawalisha farasi alfajiri, analea ndama kwa chupa, anasafisha tandiko la kaka yake. Umesema hasemi kitu. Hofu ya vizazi vitatu kukatwa umeiweka yote kwenye mgongo wa mvulana, tena mvulana aliye juu ya fahali, wakati mtu anayeishi maisha ya babu yake kila siku asubuhi huenda ni mwingine. Sijui mumeo anaonaje jambo hilo, wala mama mkwe. Sijui hata kama mtoto mwenyewe anataka ranchi au anafanya tu kwa sababu hakuna mwingine anayeamka. Muulize.

Kuhusu kuwa mgeni: ulipewa mahari iliyopunguzwa kwa ndama mmoja aliyevutwa akiwa hai, umezaa hapo, umepitishwa na moto hapo. Rafiki yako Mkongomani anasema uheshimu mila, na ana hoja, lakini kuheshimu mila hakumnyimi mtu sauti ndani yake. Mila za huko zenyewe zimebadilika kila mara aliyekuwa ndani aliposema imetosha. Kizibao hakikuletwa na watu wa nje, kililetwa na mpanda fahali. Mama anayesema mwanangu hapandi bila helmeti, au hapandi kabisa, yumo ndani ya mila hiyohiyo akibishana nayo.

Fomu ina tarehe ya mwisho, na mwezi wa nane uko karibu. Wapigie chama hicho uulize mambo mawili: kama mtoto anaweza kusajiliwa kwa kamba peke yake na kuongeza fahali baadaye msimu, na kama uwanjani huwa kuna daktari au gari la wagonjwa wakati wote vijana wanapopanda. Jibu la kwanza linaweza kukupa nafasi ya kupumua. La pili utalihitaji kwa uamuzi wowote mtakaoufikia. Ukiwa tayari niandikie alichosema mumeo kuhusu mafahali.